Rudi kwenye shanga

Nilipofiwa na mume wangu nilikaa eda miezi 4 na siku 10, hapa hapa Wete, Pemba. Waliokuja kunitazama waliniona nimetulia. Mwili ndio uliotulia. Akili ilishinda shambani, kwenye mikarafuu aliyoiacha marehemu, nikigombana kimoyomoyo na wifi yangu juu ya mirathi.

Asubuhi moja baada ya alfajiri shangazi alinikuta navuta uradi kwa tasbihi, shanga zinapita ta-ta-ta. Akaweka kiganja juu ya mkono wangu, zikasimama. "Mwanangu, unazikimbizia wapi?" Akanionyesha: shanga moja baina ya kidole gumba na cha shahada, Subhanallah itoke na pumzi, pumzi iishe yenyewe, ndipo uvute nyingine. Nikaanza upya. Haukupita muda shanga zikakimbia tena, maana akilini nilishafika kwa kadhi na wifi. "Rudi," akasema, kwa upole kabisa.

Ushauri wangu kwako ni huo huo. Akili itazurura, usiigombeze. Ukigundua imeondoka, irudishe kwenye shanga. Huko kurudi ndiko kunakoizoeza. Anza na 33 tu, na simu iache chumba cha pili. Usitazamie kuwa mtu mpya kwa wiki moja. Mimi ilinichukua karibu eda nzima.

Pumzi ina kazi kubwa hapa. Mwaka 2001 daktari Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walichapisha kipimo cha watu 23 waliosoma sala ya rozari kwa Kilatini, na pia mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa. Kwa zote mbili pumzi zilishuka hadi kama 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakawa yanafuatana nazo. Hawakupima tasbihi, lakini niliposoma hayo nilikumbuka kiganja cha shangazi. Nikakumbuka pia dhikri ya tarika ya Kadiria, aliyoieneza kwetu Sheikh Uways wa Barawa, Somalia, zama za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar: safu nzima inavuta pumzi moja, na mle wamo majirani ambao mchana hawasalimiani.

Lakini kama ukikaa kimya huzuni inazidi, hulali, huli, usijifungie na tasbihi peke yako. Mwambie mtu wako wa karibu, na nenda kwa daktari.

Baada ya kutoka eda, wifi alikuja. Akasema neno lile lile nililoliogopa, kwamba mikarafuu ile kaka yake aliipanda kabla hajanijua. Joto lilinipanda shingoni. Nikashusha pumzi moja, ndefu, na hapo nikaiona mikono yake: inatetemeka. Naye kafiwa. Haki yangu sikuiacha, tulikwenda kwa kadhi na kila mmoja akapata fungu lake, ila hatukutukanana njiani. Mchumo uliofuata alikuja kunisaidia kuchambua. Tulikaa mkeka mmoja mpaka usiku, karafuu upande huu, makonyo, vile vijiti vyake, upande ule, tukizungumza habari za marehemu.