Roger Whittaker ni wetu? Ndiyo, ila subirini kidogo

Mhariri, salaam.

Wiki iliyopita mliuliza hivi: Roger Whittaker alikuwa mwanamuziki wa Kenya, au Mwingereza tu aliyezaliwa Nairobi? Nilikuwa nimeapa kutojibu tena maswali yenu baada ya lile la chapati za maji, lakini hili limenigusa penyewe.

Jibu langu ni fupi: ni wetu, ila kwa shingo upande. Mimi kwetu ni Ol Kalou. Ukitoka nje asubuhi unaiona Aberdare imekaa palepale na mawingu yake. Guka wangu, yaani babu, aliingia msitu ule akiwa na meno yote, akatoka hana ya mbele, na hakupenda kuulizwa. Whittaker naye, alipomaliza Prince of Wales, ambayo leo tunaiita Nairobi School, aliingizwa Kenya Regiment, kikosi cha walowezi wa kizungu upande wa serikali ya kikoloni, akatumikia miaka miwili wakati wa vita vya Mau Mau, kwenye msitu huohuo. Najua aliitwa kwa sheria. Kijana wa kizungu wa rika lake hakuwa na hiari. Wala sisemi kwamba walikutana. Nasema tu kwamba redio ikipiga "My Land Is Kenya" siku ya Madaraka au Jamhuri, baba alikuwa anainuka kwenda kupunguza sauti. Hakuzima, kwa sababu mama aliupenda wimbo.

Ila kuna swali jingine linalonisumbua kuliko lenu. Ilikuwaje mtoto wa Nairobi akapendwa na Wajerumani kuliko alivyopendwa Nairobi? Mimi naishi kwao na riziki yangu naitafuta kwa kutunza wazee wao, kwa hiyo hili nimelishuhudia.

Katika nyumba ya wazee nilikoanzia kazi, alasiri ni saa ya kahawa na keki. Jumapili moja mama mmoja, fundi cherehani mstaafu ambaye hamezi dawa mpaka umbembeleze, aliomba santuri yake iwekwe. Ilikuwa na "Abschied ist ein scharfes Schwert", wimbo wa kuagana ambao Wajerumani wa umri wake wanaujua kama sisi tunavyoijua "Malaika". Jirani yake mezani, mwenye kifaa cha kusikia, akasema Mwamerika huyu ana sauti tamu. Fundi akamkata: Mwingereza. Wakaanza kuvutana. Mimi nilikuwa nakata keki ya plamu, mdomo ukanitoka.

"Ni Mkenya. Kazaliwa Nairobi, 1936."

Fundi akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu, kisha akaniinulia jalada la santuri: mzungu mwenye ndevu na miwani.

"Huyu, sista?"

"Huyo huyo."

"Basi anajua lugha yenu?"

Nikasema mtoto aliyekulia Nairobi hawezi kuikosa kabisa. Akatikisa kichwa, akasema basi ana kipaji cha lugha, maana Kijerumani anakiimba vizuri sana. Hapo nikaona nimepata pa kumshikia. Nikamwambia Kijerumani hakukijua. Nyimbo aliziandika kwa Kiingereza, wakamtafsiria, naye akakariri matamshi tu. Yule jirani akapeleka mkono kwenye kifaa chake cha sikio.

"Hata haya anayoimba sasa hivi?"

"Hata hayo."

Fundi akaweka uma chini. Nilidhani nimeshinda. Akasema: "Nilipokuwa mtoto padri wetu alisoma misa kwa Kilatini, na nusu yake nadhani hata yeye hakuielewa. Kwenye maziko ya mama yangu nililia vilevile. Geuza santuri, sista."

Nikageuza. Lakini mabishano hayakuishia hapo, kwa sababu mzee mmoja aliyewahi kuwa mpeleka barua alisogeza kiti chake akasema habari ya Nairobi ni uongo wangu. Nikatoa simu. Nikamsomea yote: kwamba wazazi walitoka Staffordshire, kwamba alianza udaktari Cape Town akauacha, akaenda Bangor, Wales, kusomea elimu ya wanyama na biokemia, kwamba alianza kurekodi mwaka 1962, na kwamba mwaka 1967 mluzi wake uliwatia wazimu watu kwenye tamasha la Knokke, Ubelgiji. Mzee akataka kujua Nairobi iko mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Nikamjibu 1,700 na kitu. Akaridhika, sijui kwa nini. Kahawa ilipoa na keki ikaisha nikiwa bado nimesimama katikati ya chumba kile, natetea Ukenya wa mtu ambaye kwetu alipunguziwa sauti.

Hilo ndilo linalonichanganya, mhariri. Nilitaka kuwaandikia kwamba mtu anayeimbia watu kwa maneno asiyoyaelewa ni mfanyabiashara tu. Lakini hata "The Last Farewell", wimbo uliomtajirisha, maneno hayakuwa yake. Alikuwa na kipindi cha redio Uingereza, akawaomba wasikilizaji wamtumie mashairi ayatie muziki, na shairi hilo lililetwa na Ron Webster, mfua fedha wa Birmingham. Lilitoka 1971 likalala. Mwaka 1975 mke wa bosi wa kituo kimoja cha redio cha Atlanta aliusikia wimbo akiwa Kanada, akamwomba mumewe aupige. Ukapanda mpaka namba 19 Marekani, na Uingereza ukafika namba 2. Utunzi wenyewe wa kuomba maneno kwa mfua fedha ni wa unyenyekevu, sitaki kukataa. Wangapi wa leo wangemtaja jina?

Halafu kuna 1989. Majambazi walivamia nyumba ya wazazi wake Nairobi, wakamwua baba yake. Mama akarudi Uingereza. Mtu mwingine angeufuta wimbo ule kuhusu Kenya kwenye maisha yake, na nisingemlaumu. Tukio hilo nililisoma ukubwani, na sijawahi kumsimulia baba. Pengine angesema pole, pengine angenyamaza.

Kwa hiyo hesabuni kura yangu upande wa ndiyo. Ndiyo, pamoja na kwamba alifia Ufaransa Septemba 2023 akiwa na miaka 87, na kwamba walionunua tiketi zake miaka ile ya uzee walikuwa watu wa Ujerumani. Lakini mkianza kupanga orodha ya wanamuziki wetu waliovuka bahari, kama ninavyowajua hamtakosa kupanga, Daudi Kabaka atangulie. Mwaka 1968 The Tremeloes, Waingereza watupu, waliuimba "Helule Helule" wake ukaingia chati za kwao, na yeye hakuhitaji kuzaliwa na baba wa Staffordshire. Na habari ya Kenya Regiment iwekwe kwenye aya ya kwanza ya makala yenu, kwa herufi za saizi ile ile, si kule chini karibu na matangazo ya ploti.

Msomaji wenu, mwana wa Ol Kalou, Ujerumani