Madogo mnaoenda bweni, someni hii kabla hamjafunga tranka

Madogo wa form one, na nyie wa form five mnaoripoti shule mpya, nawaandikia kama mtu aliyekaa bweni kuanzia form one mpaka form six, shule mbili tofauti, zote za serikali, zote za wavulana watupu. Najua ushauri mliopewa nyumbani. Mama amekwambia ukionewa nyamaza mwanangu we soma tu, mjomba kakuvuta pembeni kakwambia ukipigwa na we piga. Wote wanakupenda ila hakuna hata mmoja atakayelala na wewe kwenye lile bweni, kwa hiyo acha nikupe inavyokwenda.

Kwanza utaitwa njuka, yaani mgeni wa shule, hilo halina dawa, kila mtu kaitwa. Utaambiwa pima uwanja wa mpira kwa kijiti cha kiberiti, utaambiwa zima taa kwa kuipuliza, utapewa kandambili umpigie mama umwambie umefika salama. Mi nilipiga hiyo simu, katikati ya maongezi jamaa akaniambia salio limekata weka vocha, bweni zima likaanguka kicheko na mimi nikacheka, yakaisha pale pale na yule yule aliyenishikisha kandambili ndo kesho yake alinionyesha foleni ya uji inaanzia wapi. Usiende kule umekunja ngumi ukaona kila kitu ni vita.

Uonevu unaujua kwa sababu unajirudia na unakula kitu chako, kama usingizi, sukari, muda wa prepo (kujisomea jioni), au lile godoro jipya la inchi sita ulilonunuliwa Jumamosi linakuwa limegeuka kipande cha sponji kabla hujajua hata jina la kaka mkuu. Na anayekufanyia hataki mwalimu ajue. Mtu akishakwambia "ole wako useme" basi kashakujibu mwenyewe kama ni utani au sio utani.

Halafu kuna hili watu wanakosea sana, wanadhani wababe wanatafuta wadogo wa mwili. Wanatafuta aliye peke yake. Tulikuwa na dogo mmoja mwembamba hatari, upepo ukivuma unamwonea huruma, hakuna aliyemgusa maana kila akienda kuoga yuko na wenzake watatu na jioni yuko kwaya. Kuna mwingine alikuwa na kifua kabisa, mtoto wa kulima, ila ametoka mkoa wa mbali, haongei na mtu, anakula peke yake, huyo ndo alifulishwa nguo za form four muhula mzima. Kwa hiyo siku ya kwanza tafuta watu. Wa vitanda vya jirani, wa dini yako, wa timu ya mpira, hata mnaogombania ukoko pamoja jikoni, yeyote. Kula nao, na prepo ikiisha rudini pamoja, usibaki nyuma unafunga daftari mpaka taa zinazimwa.

Vitu vyako viwekee alama ambayo haitoki. Rangi inakwanguliwa kwa kisu dakika mbili, ndoo andika jina kwa msumari uliochomwa moto, godoro andika kwa maka peni kwenye sponji ndani ya foronya sio juu ya kitambaa. Kufuli nunua nzuri.

Sasa tuje kwenye kukataa. Mbabe hakuanzi na kibao, anakuanza na kaombi kadogo, dogo nichotee maji, dogo nipelekee hii sahani. Anakupima. Ukipeleka mara ya kwanza bila neno, ya pili haiji kama ombi tena. Kataa mapema, kataa kwa heshima, na kataa mbele za watu: "Kaka leo sitaweza, niko zamu ya usafi." Umesimama, unamwangalia, hutukani, huombi msamaha mara kumi. Usikatae kitandani kwake saa nne usiku mkiwa wawili, hiyo sio sehemu ya kuonyesha msimamo.

Sisi maji yalikuwa yanatoka alfajiri tu, bomba moja, na wakubwa walikuwa wanatuamsha saa kumi tukapange foleni kwa ajili yao, tukimaliza kuwajazia bomba limekata tunaenda darasani hatujanawa. Watu wa kona yetu tukakaa tukakubaliana kila mtu anachota yake basi. Asubuhi yake jamaa akaja na ndoo tupu, mwenzetu akamwambia kaka sisi tumechota za kwetu, foleni ile pale. Kikatua kibao. Hakuna aliyerudisha. Tulichofanya kona nzima tuliweka ndoo chini tukatembea na yule aliyepigwa, na bukta zetu zimelowa, mpaka kwa mwalimu wa zamu, tukamkuta anapiga mswaki, akabaki ametoa macho na povu mdomoni maana alikuwa hajawahi kuona njuka wamekuja kundi zima na hawapigi kelele. Mmoja akija anaambiwa vumilia, ukubwa ni jaa. Kundi zima likija na kila mtu anasema kitu kile kile, mwalimu inabidi avae viatu. Wale jamaa walifyeka nyuma ya bwalo wiki nzima. Uongo sitasema, bweni la jirani waliendelea kuamshwa kama kawaida, ila kona yetu tulilala.

Ngumi je? Najua hii ndo mnaisubiri. Ukikamatwa unapigwa, jikinge kichwa, sukuma, piga yowe, kimbia, hapo unajiokoa na hakuna mtu wa kukulaumu. Ila ile ya kupanga kulipiza ni habari nyingine. Rafiki yangu alimvizia mbabe wake bafuni akampiga na ndoo ya bati, mdomo ukapasuka, bweni likashangilia mpaka patroni akaja. Na ni kweli yule mbabe hakumgusa tena. Lakini shule haiulizi sana nani kaanza, ikishakuwa ni kupigana mnapewa barua wote wawili mnarudi nyumbani, yeye akakosa mitihani ya muhula, mzee wake akalipia matibabu ya yule aliyekuwa anamwibia mwanae sukari. Mbabe mwenyewe alikuwa form four, miezi michache mbele angeondoka tu. Na kwenye bweni kuna makwanja, kuna majembe, kuna nyembe. Ukishika kimoja wapo kwa hasira, ushatoka kwenye mambo ya shule umeingia ya polisi, hata kama ulionewa mwaka mzima.

Kitu ambacho mi sikukijua nikiwa njuka, na kingenisaidia kama ningeambiwa, ni kwamba kiranja hana ruhusa ya kukuchapa. Hana kabisa. Kanuni za viboko Tanzania zilitungwa 1979 zikarekebishwa 2002, zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa na mkuu kwa maandishi, visizidi vinne kwa kosa moja, na inaandikwa kwenye kitabu. Kaka wa bweni na mkanda wake hayumo humo. Sikwambii uende ukamsomee kanuni usoni atakumaliza, nakwambia ujue ili ukienda ofisini usijisikie kama wewe ndo mkosaji.

Na ofisini usiende na "wananionea". Nyuma ya daftari andika siku, saa, wapi, nani kafanya nini, nani alikuwepo. "Jumanne baada ya prepo, bwenini, fulani alivunja kufuli yangu, fulani aliona." Hapo umempa mwalimu kazi ya kufanya. Anza na patroni au mwalimu wa malezi, akipuuza nenda kwa mwingine, kila shule ina mwalimu mmoja ambaye wanafunzi wanajua huyu anasikiliza, muulizieni mapema. Utaitwa mnoko. Hilo jina linachosha wiki mbili, wanahamia kwa mtu mwingine.

Ila mkubwa yeyote, awe mwanafunzi awe mfanyakazi, akikuita kitandani kwake usiku au akikushika sehemu usizotaka, hakuna cha kuandika daftarini wala kusubiri asubuhi. Ondoka, piga kelele, sema usiku huo huo. Na hii ni kwa wavulana pia, tunanyamaza sana kwenye hili.

Simu hamruhusiwi shule nyingi kwa hiyo kariri namba ya mzazi, iwe kichwani sio kwenye karatasi maana karatasi zinapotea. Kariri na 116, ni ya watoto, bure, unaweza kuazima simu ya matroni au ya mama wa kantini. Ukiumizwa, mzazi aombe polisi PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, hospitali wanaweza kuiulizia, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto, waende pale pale dawati sio kaunta ya mbele.

Dada zangu wa shule za wasichana wanasema kwao vibao ni vichache, ila unaweza ukasusiwa chumba kizima mwezi mzima mtu hakupi hata salamu, na hiyo hakuna alama ya kumwonyesha mwalimu. Mkiona mwenzenu anasusiwa, mmoja tu aende akale naye.

Form five nyie mna ndevu, mtaonewa kidogo, mtadanganywa zaidi kwenye kununua madesa (notsi) ya zamani kwa bei ya kitabu. Syllabus imebadilika, usitoe hela kabla hujamuuliza mwalimu wa somo.

Wazazi mnaosoma hapa, siku ya kutembelea msimuulize uko poa akiwa kasimama na wenzake, atasema niko poa. Mchukue mtembee mpaka getini, muulize godoro lake liko wapi.