Inakata moto ikipata joto: iache kabureta kwanza

Mkuu, kwa ulivyoeleza, pikipiki yako ya mbio ya cc 125, tu-stroki, inawaka vizuri ikiwa baridi. Ikizunguka uwanjani kidogo inaanza kukata juu ya resi 9,000 (mizunguko kwa dakika), ukiiacha ipoe inarudi kama hakuna kilichotokea. Plagi umebadilisha, jeti kuu ya kabureta umebadilisha, bado. Mimi ningeanzia kwenye magneto, yaani kizalishaji umeme kinachozungushwa na injini. Nimehangaika na injini hizi miaka mingi, na tatizo linalokuja na joto kisha likaondoka nalo mara nyingi limejificha kwenye nyuzi za shaba za koili.

Ila hakikisha kwanza kwamba ni umeme. Petroli ikipungua, injini hulegea, inakohoa, inavuta tena. Moto ukikatika, hukatika kama mtu amezima swichi. Ikikata tena, bana klachi papo hapo, zima, sogea pembeni, ufungue plagi. Ikiwa imelowa, petroli ilifika ila moto haukufika. Ikiwa kavu na nyeupe, yaache haya yote ukashughulike na mafuta kabla pistoni haijashika kwenye silinda.

Halafu chomoa waya wa swichi ya kuzimia. Kwenye pikipiki ambazo magneto ndiyo inayolisha CDI (kisanduku cha umeme kinachoamua lini plagi ipige cheche), swichi hiyo huzima injini kwa kuupeleka umeme kwenye fremu, kwa hiyo waya uliochubuka chini ya tanki unaweza kukuzimia bila wewe kugusa kitu. Fanya hivyo ikiwa kwenye stendi tu, na ujue mapema utaizimaje: ukiziba mdomo wa kabureta inatosha. Usiingie nayo uwanjani bila swichi.

Sasa mita. Watu wengi hupima koili injini ikiwa baridi, wakaona namba nzuri, wakanunua CDI mpya. Kosa liko kwenye joto, kwa hiyo pima kwenye joto. Chomoa soketi ya magneto, unganisha mita kwenye koili inayochaji CDI, kisha ipulizie hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele huku ukitazama namba. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo koili ya ohm 200 kwenye nyuzi 20 itasoma karibu 247 ikifika nyuzi 80. Hiyo ni kawaida, isikutishe. Ubaya ni namba inayoruka ghafla, inayopotea kabisa, au inayoshuka wakati inatakiwa kupanda. Inayoshuka ina maana nyuzi zimegusana ndani. Rudia kwa pulsa, koili ndogo inayoiambia CDI wakati wa kupiga cheche, na wakati huohuo zitikise waya mahali zinapotokea kwenye kava, maana pale mtetemo huukata waya ndani huku ngozi yake ya nje ikionekana nzima.

Koili ikipita mtihani huo, bado haijaachiwa huru. Kuna mgusano wa ndani ambao ohm hazionyeshi, ila volti hushuka injini ikizunguka. Hapo unahitaji kifaa cha kusomea kilele cha volti, kwa sababu mita ya kawaida haiwezi kukifuata. Kumbuka kwa resi 12,000 tu-stroki inachoma mara 200 kwa sekunde. Na usishike ncha za waya kwa vidole, zina volti mamia.

Kuhusu cheche uliyoiona ukiwa umeweka plagi juu ya silinda: haithibitishi mengi. Ndani kuna mgandamizo, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuruka humo. Tumia kipimo chenye mwanya wa milimita 6 hivi. Usiizungushe injini huku waya wa plagi ukining'inia bila kugusa fremu, unaweza kuiua koili au CDI.

Vya haraka: fungua kepu ya plagi, kata milimita chache za waya, uifunge upya, nyingi husoma karibu ohm 5,000. Kwangua rangi pale koili ya plagi (ile inayopandisha volti za cheche) inapofungwa kwenye fremu. Kama kuna aliyewahi kuchomea waya za pulsa, hakikisha hakuzigeuza, maana zikigeuzwa taimingi huhama.

CDI iwe ya mwisho, na njia ya kuaminika ni kuazima nzima yenye namba ileile. Ya namba nyingine inaweza kuwa na taimingi tofauti, ukaongeza tatizo la pili.

Koili ikithibitika kuwa ndiyo mbaya, si lazima ununue magneto mpya. Isukwe upya, idadi ya mizunguko na unene wa waya uwe uleule, na umwambie fundi atumie waya na gundi vya kuhimili joto kali. Vya kusukia mota za feni vitakurudisha hapahapa.