Kijapani cha cheti na Kijapani cha kazini

Juzi mpwa wangu aliuliza kwenye grupu la familia, na vijana wengine wa pale Kakamega wakadakia: "Mjomba, wakala anasema miezi mitatu ya darasa yatosha kuja Japani kufanya kazi. Ni kweli?" Najibu kwa kirefu, maana najua kuna boma ambalo tayari linatafutiwa mnunuzi wa ng'ombe.

Haitoshi. Miezi mitatu itakupa hiragana na katakana, yaani herufi za silabi za Kijapani, maamkizi na maneno ya kujitambulisha. Viza ya Tokutei Ginou, ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, iliyoanza 2019, kwa kazi nyingi inadai ufaulu ngazi ya N4 ya mtihani wa lugha ya Kijapani uitwao JLPT, au mtihani mwingine wa lugha, JFT-Basic. Na sikieni jambo ambalo mimi sikuambiwa: JLPT, kuanzia N5 iliyo ya chini hadi N1 iliyo ya juu, haina sehemu ya kuzungumza. Unasoma, unasikiliza, unachagua jibu. Nilifika huku na cheti mkononi na mdomo mzito.

Natunza wazee, karibu na Osaka. Wiki ya kwanza nilimuuliza mama mzee mmoja kama nimwongeze chai. Akasema, "Kekkou desu." Kwenye daftari langu kekkou ilikuwa "nzuri, safi kabisa". Nikamimina hadi ukingoni. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, asikiguse. Kumbe alikuwa amesema, "Hapana, nimetosheka." Siku hiyohiyo nilimwita obaasan, yaani nyanya, kwa heshima ileile tunayomwitia kukhu nyumbani. Msimamizi akanivuta kando: hapa mzee huitwa kwa jina la ukoo, na san mwishoni. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimempa neno la heshima kuliko yote niliyonayo.

Kwa hiyo anzeni na mdomo, leo, mkiwa bado nyumbani. Kiswahili kimewapa mtaji mkubwa: a, e, i, o, u za Kijapani zinakaribiana sana na zetu, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Hatari iko kwenye urefu wa sauti. Obasan ni shangazi. Vuta ile a na umepata obaasan, nyanya. Chukua sentensi moja ya mzungumzaji, isikilize, kisha isemeni pamoja, wewe ukimfuata nyumanyuma. Jirekodi kwa simu ujisikilize. Ukiona haya kusoma kwa sauti ndani ya nyumba, nenda shambani.

Kuhesabu kutawachosha, maana neno la idadi hubadilika kufuata aina ya kitu. Chupa moja ni ippon, mbili nihon, tatu sanbon. Karatasi zina neno lao la kuhesabia, mai. Watu wawili ni futari. Msikasirike. Sisi tunaosema mtu mmoja, kiti kimoja, jiwe moja tuna ngeli zetu, na hakuna aliyetufundisha kwa jedwali. Tulizipata kwa kuzitamka na vitu vyenyewe tukiviona. Fanyeni vivyo hivyo: hesabuni chupa za soda, hesabuni mahindi.

Kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, za matumizi ya kawaida ni 2,136. N4 inahitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Nunua daftari la hesabu, lile la miraba, uandike herufi moja kwa kila mraba, mistari ikifuata mpangilio wake. Tano kwa siku zatosha. 休, kupumzika, ni mtu kando ya mti. Nilipoiona niliwakumbuka wazee wetu chini ya mwembe mchana, na haijanitoka tena. Zirudie kesho, keshokutwa, kisha wiki ijayo. Anki, programu ya kadi za marudio, itakupangia siku zenyewe. Nusu saa kila alfajiri inashinda Jumamosi nzima ya kukesha, kwa sababu kichwa hushika kile kinachorudiwa kabla hakijasahaulika kabisa. Na acheni mapema kuandika Kijapani kwa herufi za Kizungu. Hapa hakuna atakayewaandikia hivyo kwenye ratiba ya zamu.

Msijiambie mtasoma mkishafika. Ukitoka zamu ya usiku unatafuta kitanda, si daftari. Wazee nao husema lugha ya Osaka: badala ya dame, yaani "haifai", wanasema akan, neno ambalo kitabu changu hakikuwa nalo.

Mpwa wangu, tuko mbele yenu kwa saa sita. Nipigie Jumapili saa tisa alasiri za huko, huku itakuwa saa tatu usiku. Tutaongea Kijapani tupu, dakika ishirini. Njoo na sentensi tano ulizozitamka wiki nzima.