Redioni, haya ya Kitanga iache chini

Vijana wa hapa Tanga wanaotaka urubani huniuliza kwanza ada, macho na hesabu. Mimi nilikuwa mwongozaji wa ndege, yule anayewapa marubani maagizo kwa redio, miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi Ngamiani, na huwaambia waanze na kinywa.

Tumelelewa kutomuuliza mkubwa mara mbili. Akisema unaitikia, hata kama hukusikia vizuri. Ndani ya ndege tabia hiyo inaua. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, Boeing 747 mbili, moja ya shirika la KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia kukiwa na ukungu, wakafa watu 583. Rubani mkuu wa KLM alianza kupaa bila kibali. Mnara wa kuongozea ndege ulikuwa unamwambia asubiri, na wakati huohuo Pan Am wanasema bado wako kwenye njia ya kurukia. Wawili wakishika redio pamoja unasikia mluzi tu. Mhandisi wa KLM aliingiwa na shaka, akauliza kama ile ndege nyingine imeshatoka. Akajibiwa imetoka, wakaendelea. Swali lake lilikuwa sahihi, lakini aliyejibu alikuwa bosi.

Kwa hiyo wewe uliza tena, na tena. Na kabla ya kubonyeza kitufe cha redio, sikiliza kama kuna anayezungumza.

Ukipewa agizo, lirudie pamoja na jina la ndege yako: kibali cha kupaa, kutua au kuvuka njia ya kurukia, mwinuko, uelekeo, kasi, namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada), na kipimo cha shinikizo la hewa unachoweka kwenye altimeta, chombo kinachoonyesha mwinuko. Nilikuwa sikubali "roja" tupu, yaani "nimepokea", hata kutoka kwa rubani mwenye mvi, kwa sababu haikunionyesha alichosikia. Jina nalo usilimeze. Ndege zilizosajiliwa Tanzania zote zinaanza na 5H, na herufi zinazofuata zikifanana ni rahisi rubani kujibu agizo la mwenzake.

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Anayeruka kwa vyombo, bila kutegemea kuona nje, kutoka Tanga kwenda Pemba anaelekea mashariki, hivyo hushika maelfu ya witiri, tuseme futi 5000. Anayerudi hushika shufwa, 4000. Kati yao kuna futi 1000. Sasa huyu wa 4000 aambiwe shinikizo ni 1012, yeye aweke 1002. Altimeta yake itasoma 4000 huku ndege iko juu zaidi kwa futi zipatazo 270. Zaidi ya robo ya nafasi imeshaliwa, na hakuna aliyeona kitu. Angerudia namba ile kwa sauti, mwongozaji angemsahihisha palepale.

Pasipo rada, mwongozaji anakuona kwa maneno yako tu. Hapo ndipo ninapowagombeza sana vijana wetu, maana tuna ule ugonjwa wa simu: mtu bado yuko mbali, Muheza, anakwambia "nipo Kange, nashuka," yaani ameshafika stendi ya hapa Tanga. Ukitoa umbali, mwinuko na saa ya kufika, toa vilivyo kweli. Makadirio ya saa yakibadilika, yarekebishe mapema bila kuona aibu, kwa sababu kuna mwenzako amepewa kibali kwa kutegemea saa yako.

Upole nao una mipaka. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca ilianguka karibu na New York baada ya kuishiwa mafuta, wakafa watu 73. Marubani walitaja kwamba mafuta yanakwisha, ila hawakutangaza rasmi hali ya dharura. Ukiwa taabani, sema "Mayday" mara tatu, kisha jina la ndege, shida yako, na unachokusudia kufanya.

Mazoezi hayahitaji ndege. Kiingereza cha redioni kinapimwa, na kiwango cha chini kwa rubani wa kimataifa ni cha 4, kinachopimwa tena kila miaka 3. Mpe ndugu yako karatasi yenye maagizo, asome haraka, wewe uandike kwa mkato na kuyarudia. Wa kwangu, mjukuu wa miaka kumi na moja, anasoma kwa kasi isiyo na huruma.