Ukitaka pafini wa Bempton, usingoje likizo za shule

Juzi kuna dada wa Leeds kaniandikia, anasema mwezi wa nane alibeba watoto mpaka kwenye magenge ya bahari ya Bempton, kule Yorkshire, Uingereza, kutafuta pafini, wale ndege weusi na weupe wenye mdomo wa rangirangi, wakashinda pale kutwa wasione hata mmoja, sasa anauliza picha zangu nazitoa wapi. Dada yangu, Agosti pafini hayupo. Anakuja Aprili, analea kinda lake moja kwenye nyufa za mwamba, na Julai ikiisha keshaenda zake baharini. Shule za Uingereza zinafungwa mwisho wa Julai, ndo maana familia nyingi zinawakosa. Nenda Juni, wikiendi.

Mi nilienda jioni, mwisho wa Juni, nikachagua sehemu moja nikatulia hapohapo. Genge lenyewe ni chaki nyeupe, kwenda chini kama mita 100, na kiangazi wanakusanyika ndege kama nusu milioni, kelele na harufu unavipata kabla hujawaona. Gilemoti, ndege wengine wa baharini, wamebanana kwenye kingo za mwamba kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni, kila jike hutaga yai lake moja juu ya jiwe tupu, hakuna kiota. Halafu jua linazama nikaona kinda linasogea ukingoni, halijui kuruka bado, likajitupa! Baba yake anasubiri majini, wakaondoka pamoja wakiogelea. Nililia, sioni aibu kusema, na wengi wanaoenda pale mchana hawalioni hilo.

Niliporusha picha kwenye grupu letu wakasema mambo ya wazungu hayo, mtu mzima unapanda treni kwenda kuangalia kunguru. Iliniuma na bado inaniuma. Mbayuwayu wanaokula wadudu juu ya yale majani ya Bempton, baridi ikikaribia wanavuka Sahara kwenda mpaka Afrika Kusini, na mbayuwayu wengine wa Ulaya wanapita kwetu, sasa hapo mgeni nani? Wenzangu tulioko ughaibuni tuache kujifungia ndani na simu, hii nchi tunailipia kodi, uzuri wake nao ni wetu. Watoto wetu wasiambiwe kuna sehemu si zao.

Ila tuheshimu. Zamani watu walikuwa wanawapiga ndege wa baharini wa pale risasi kutoka kwenye boti kwa starehe tu, mpaka ikatungwa sheria ya kuwalinda mwaka 1869, halafu 2022 mafua ya ndege yakawaua wengi. Usitoke njiani kabisa, ukingo wa chaki unamomonyoka ghafla. Maua usichume. Yapo ya pinki mpaka ukingoni, ya njano yametambaa chini, na ukiinama taratibu unaweza kumkuta nondo mweusi wa madoa mekundu anaruka mchana kweupe, mi nilimtazama huyo mpaka nikasahau ndege.

Beba koti hata jua likiwaka, upepo wa pale hauna huruma. Darubini ya mtumba inatosha. Usikimbilie kumaliza njia yote, kaa sehemu moja. Treni inayotoka Hull kwenda Scarborough inasimama Bempton, ukishuka ni mguu wa nusu saa hivi, lakini angalia kwanza saa ya treni ya mwisho maana makinda ya gilemoti yanajitupa jioni.