Hija ya Namugongo kutoka Dar kwa kikundi kidogo: nyaraka, njia na usiku wa kuamkia 3 Juni

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu.

Aliyeanzisha uzi ameuliza hivi: wako marafiki 14 wa parokia moja hapa Dar, wanataka kwenda Namugongo, karibu na Kampala, mwakani kwa sikukuu ya 3 Juni ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani. Wanakwenda wenyewe, hawapandi basi la jimbo, na wanauliza waanzie wapi. Wengi mmemjibu kwa kutaja nauli. Nauli ndiyo sehemu nyepesi. Safari za Namugongo huvurugikia kwenye makaratasi na kwenye siku ya kuvuka mpaka, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa sana.

Pasipoti zianze Januari. Fomu inajazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, unahitaji namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na cheti cha kuzaliwa, na gharama yake ni shilingi 150,000. Kinachochelewesha watu wetu ni majina. Mtu ni Yohana kwenye cheti cha kuzaliwa, John kwenye NIDA, na kwenye cheti cha shule jina la ubatizo halipo kabisa. Uhamiaji hawatapitisha hilo. Utarudishwa ukale kiapo cha majina kwa wakili au urekebishe NIDA kwanza, na hapo wiki zinapita. Siku ya kikao cha kwanza kila mmoja aje na nakala za nyaraka zake zote, mzilinganishe herufi kwa herufi. Mwenye pasipoti tayari aangalie tarehe ya mwisho, iwe imebaki miezi sita au zaidi.

Kuna hati ya dharura ya safari kwa ambaye pasipoti haijatoka, nayo huombwa Uhamiaji pia. Inafaa kwa safari hii, lakini iwe akiba tu, kikundi kizima kisiitegemee. Kitambulisho cha NIDA peke yake msikitegemee pale Mutukula, mpakani na Uganda. Majirani zetu wa Kenya na Rwanda huingia Uganda kwa vitambulisho vyao vya taifa, na hapo ndipo watu wa Dar wanapochanganya mambo. Mtanzania halipii viza Uganda, ila pasipoti lazima igongwe muhuri. Akiwemo kijana aliye chini ya miaka 18 bila mzazi, abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya wazazi.

Halafu chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechoma tarehe 28 Mei ni sawa na asiyechoma. Chomeni Aprili, kwenye kituo rasmi cha chanjo za wasafiri, na mhakikishe kadi ina muhuri na namba ya chanjo. Tangu 2016 kadi hii ni ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10. Wako wanaouza kadi bila sindano. Kwa mtu anayekwenda hija hilo ni jambo la kusikitisha sana, na zaidi ya hapo ugonjwa wenyewe hausomi kadi.

Sasa njia. Mutukula ndio mpaka wa kutumia: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo, Bukoba, kisha Mutukula, Masaka na Kampala. Ni zaidi ya kilomita 1,600 kwa jumla. Wanaotaka kumwona ndugu Mwanza siku hizi hawasubiri kivuko tena, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Kupitia Namanga na Nairobi kunawezekana, ila mnavuka mipaka miwili badala ya mmoja, na kila mpaka ni foleni yake.

Kwa watu 14 sishauri mkodi Coaster kutoka Dar. Nusu ya viti vitakuwa vitupu na mtavilipia. Gari la kukodi likivuka linahitaji kadi halisi ya usajili, barua ya mmiliki kama dereva siye mwenye gari, kibali cha abiria wa kimataifa cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), bima inayokubalika nje na kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda. Karatasi moja ikikosekana kikundi kizima kinalala Mutukula. Pandeni basi la kawaida hadi Bukoba, mlale, asubuhi mchukue gari hadi mpakani, mvuke kwa miguu. Upande wa pili kodini taksi. Kule taksi ni hiace kama daladala zetu za zamani, na kibali chake ni cha abiria 14, yaani nyinyi kamili. Patanani bei ya gari zima kabla mizigo haijapanda juu. Mkifika watu 25, hesabu inageuka na Coaster yenye madereva wawili inakuwa na maana.

Pale Mutukula taratibu za nchi zote mbili hufanyika kwenye jengo moja, upande wa nchi mnayoingia. Kwa hiyo mkitoka Tanzania mnagongewa kutoka na kuingia upande wa Uganda. Kila mtu afungue pasipoti yake palepale aone mihuri yote miwili na idadi ya siku alizopewa. Vijana wa mpakani watawaambia kuna njia ya haraka pembeni. Msiifuate, kwa sababu wakati wa kurudi mtakuwa watu ambao hawakuwahi kuingia Uganda. Badilisheni fedha kidogo hapo, na mjue kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo kabla ya kufika. Shilingi yetu ina thamani zaidi ya ya Uganda, hivyo mkitoa 100,000 ya Tanzania na kupokea 100,000 ya Uganda mmeibiwa mchana.

Tarehe ya kuvuka iwe 31 Mei asubuhi, isizidi hapo. Mabasi ya mahujaji kutoka kila upande hufika tarehe 1 na 2, na foleni inakuwa ya nusu siku. Kwa Mtanzania kuna sababu nyingine: tarehe 1 Juni pale Namugongo huwa kuna Misa na sala za kuombea mchakato wa kumtangaza Mwalimu Nyerere mwenye heri. Kuikosa kwa sababu ya foleni ya mpakani inauma.

Malazi wekeni oda mapema, Machi imechelewa kidogo. Tafuteni Kyaliwajala, Kireka au Bweyogerere. Msidanganyike na hoteli nzuri ya katikati ya Kampala, kwani tarehe 3 barabara za kuelekea Namugongo hufungwa kwa magari na mtakuta mnatembea mwendo mrefu. Kwenye oda ulizeni jambo moja: kutoka hapo hadi basilika mtu anatembea dakika ngapi?

Namugongo kuna vituo viwili vya hija, cha Wakatoliki na cha Waanglikana, maana mashahidi 45 wanaokumbukwa ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Dereva mwambieni waziwazi, basilika ya Wakatoliki. Altare ya basilika ipo mahali alipochomwa Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi hao, tarehe 3 Juni 1886. Ingieni humo tarehe 1, mkiwa mmetulia, maana tarehe 3 hamtaufikia mlango. Misa ya sikukuu huadhimishwa nje, penye ziwa dogo, na wengi hufuatilia kutoka kwenye miteremko.

Mkiamua kukesha usiku wa tarehe 2, na ndivyo ninavyoshauri kwa wenye afya, jueni Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Temeke anayekuja na kitenge kimoja ataumwa. Kila mmoja abebe koti, soksi, mkeka, karatasi ya nailoni ya kutandika chini ya mkeka maana majani hulowa, lita 3 za maji, chakula kisichoharibika cha milo miwili, karatasi za chooni na tochi. Mlangoni kuna ukaguzi wa mizigo, hivyo visu na chupa za vioo viachwe. Fikeni tarehe 2 kabla ya saa kumi jioni mchague mahali, kisha mpeane zamu za kubaki na mizigo. Kuungama fanyeni jioni hiyo, asubuhi misururu haishikiki. Kama mna padri, abebe barua ya utambulisho ya askofu wake, vinginevyo hatapangwa na mapadri wanaoadhimisha.

Simu zitawaka lakini mtandao utaelemewa. Kubalianeni mahali pa kukutana na saa, kwa mfano saa nane mchana nje ya lango fulani, na kila mtu aandike namba ya kiongozi kwenye karatasi mfukoni. Simu na pasipoti zikae mfuko wa mbele. Vibaka wanajua kwamba wakati wa komunyo macho ya watu yako altareni.

Maji ya ziwa lile watu huchota kwa imani, nanyi mtachota. Bebeni chupa za plastiki zenye kifuniko kinachokaza. Ni maji ya ziwa, yatumieni kwa kujipaka na kunyunyiza nyumbani, msiyanywe.

Msirudi tarehe 3 jioni. Tarehe 4 nendeni Munyonyo, walipouawa mashahidi Andrea Kaggwa na Denis Ssebuggwawo siku chache kabla ya wale wa Namugongo. Mkiwa na muda, Kigungu karibu na Entebbe, ambako Padri Lourdel na Bruda Amans, wamisionari wa kwanza Wakatoliki wa Uganda, walitua tarehe 17 Februari 1879. Msafara wao ulianzia Bagamoyo, wakavuka ziwa kutoka Kageye upande wa Mwanza, na Mkristo wa Dar akisimama pale anajua imani ile ilipitia kwetu.

Mpaka vukeni tarehe 5. Rozari na picha mlizonunua zihamishieni kwenye mifuko ya kitambaa kabla ya Mutukula, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kwetu tangu 1 Juni 2019 na mtaambiwa muiache hapohapo.